Gramu Mia Sita Zangu Ziko Wapi?

Jumatatu, tarehe 23 Septemba

Mashine imefika! Saa nne asubuhi. Mpya kabisa, imeunganishwa kipande kwa kipande na fundi Bashige wa Bukavu. Nyeusi. Ina taa ya buluu mbele. Nimeiweka katikati ya meza, nimeifunika kitambaa cha kufuma cha mke wangu, nimeifunua, nimeifunika tena. Wateja wawili wamesema ni nzuri. Mmoja aliitazama sana. Nimeandika jina lake.

Niandike na langu, kama mtu atasoma daftari hili nikiwa nimeshakufa. Mimi ni Munyaneza, Papa Mutoni, mwenye papeteri ya kuchapa na kutoa fotokopi karibu na gare ya mabasi, Kamembe. Mlango unaotazamana na wangu ni papeteri ya Mukankusi. Yeye anatabasamu kila asubuhi. Muntu hatabasamu kila asubuhi bila sababu.

Bon. Jambo lenyewe ni hili. Maman Nabintu, mkubwa wa ushirika wa bamama wanaovuka mpaka kila siku na nyanya na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anatafuta papeteri ya kuwafanyia makaratasi yao. Wanachama sitini na wanne! Barua, orodha, vyeti, mwaka mzima. Jumatatu ijayo, saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla hawajateremka mpakani, atapita kwangu na kwa Mukankusi. Atakayewasha mashine na kuchapa orodha yao haraka, kazi ni yake.

Nikiipata, Joselyne anarudishiwa cherehani yake. Mke wangu aliuza cherehani ili mashine hii ipatikane. Hakulia. Aliipangusa vumbi tu, akampa mnunuzi na sindano za akiba. Nikamwahidi kabla ya Krismasi. Nikiikosa, baba mkwe, Mzee Rutayisire, ameshasema kuna jembe langu shambani kwake Nkungu. Alisema akicheka. Lakini amelinoa, nililiona.

Ushindi wa leo: nimemkamata Bashige. Alitaka kuweka ndani ya mashine kidiski kidogo, chembamba kama biskuti. Nikakipima mkononi. Hakina uzito! Nilikulia soko la Kadutu, mama yangu aliuza maharage na chumvi, na alinifundisha kitu kimoja: shika kwanza, nunua baadaye. Kitu chepesi hakina kitu ndani. Nikamwambia Bashige arudishe biskuti yake kwenye katoni na aweke diski ya mashine yangu ya zamani. Ile ni chuma. Ukimwangushia muntu mguuni, anakwenda hospitali. Bashige alishika kichwa, ati, Papa, unafunga mbuzi kwenye injini ya gari. Nilimwacha alalamike. Mwizi akikamatwa hulalamika.

Jumanne, tarehe 24 Septemba

Kuna jambo.

Nimepima kwa simu. Kutoka kubonyeza mpaka kuweza kuandika herufi moja: dakika nne na sekunde kumi. Mashine mpya! Nimezima, nimewasha, nimepima tena. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Kwa hiyo sekunde mbili zimepotea leo hii, hapahapa mbele ya macho yangu.

Halafu kuna taa ndogo, kataa kekundu, mbele. Kanapepesa wakati mimi sijagusa kitu. Joselyne alisema ni mashine inasoma. Nilimuuliza inamsomea nani. Akaendelea kufagia.

Jibu ninalo mimi. Dakika nne ni nyingi. Dakika nne zinatosha kutoa barua zangu zote, moja baada ya nyingine, na kuzipeleka mlango wa pili. Ndiyo maana Mukankusi anatabasamu! Amezisoma.

Nimechukua hatua. Nimeingiza programu ya kufukuza virusi. Kisha nikajiuliza, mlinzi analindwa na nani? Nikaingiza ya pili, ya kampuni nyingine, imchunge wa kwanza. Kisha ya tatu, kwa sababu wawili wanaweza kupatana. Nimewasha. Walinzi watatu wamesimama mlangoni kila mmoja anamuuliza mwenzake kitambulisho. Dakika saba.

Dakika saba lakini zenye usalama.

Jumatano, tarehe 25 Septemba

Nimeingia kwa adui.

Nilivaa kofia. Nilibeba kitambulisho changu, ati nataka fotokopi, fotokopi yangu imekwama. Mukankusi alinipa kiti. Alinipa na chai. Sikuinywa, niliishika tu. Nikamwambia nasikia mashine yake ina kelele, aizime kidogo nisikilize. Akaizima. Akaiwasha. Nikahesabu kimoyomoyo.

Kumi na tano! Sekunde! Na kompyuta yenyewe imechakaa, imefungwa kwa karatasi ya gundi.

Nilimuuliza kama anatumia dawa. Alicheka mpaka akakaa. Akasema hakuna dawa. Ati kaka yake alimwekea kidiski kipya, kile kidogo, chepesi. Ati na mimi niweke, nitaona. Ati pia nisiache flashi za wateja zimechomekwa, kwa sababu mashine ikiamka inazipitia moja moja kabla haijaanza kazi.

Eh! Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Mtu gani anampa mshindani wake siri ya kumshinda? Hakuna. Basi siyo siri, ni mtego. Anataka nitupe chuma changu nichukue biskuti. Anataka nichomoe flashi za wateja, niziache mezani, na yeye apite na tabasamu lake azikusanye.

Wateja wangu huniachia flashi zao, zenye CV na barua, ili wakija wachape bila kubeba kitu. Nilikuwa naziweka kwenye kikombe. Upumbavu! Nimenunua kile kifaa chenye matundu saba. Nimechomeka flashi saba, nimezifunga pamoja kwa uzi, na uzi nimeufunga kwenye mguu wa meza. Sasa aje.

Imewaka kwa dakika kumi na moja. Hata Bashige hakuwahi kuona mashine yenye makini namna hiyo.

Alhamisi, tarehe 26 Septemba

Nimepeleka mashine kwa Bashige. Ana chumba cha kazi chini kule Cyangugu, karibu na mpaka. Siendi nikiwa mjinga. Kwanza niliamka mapema, nikachukua rangi ya kucha ya Joselyne, nyekundu, nikafungua mashine na kutia alama kila kipande. Feni, alama. Waya, alama. Diski, alama mbili. Pili nikapita sokoni, nikaiweka mashine kwenye mzani wa muuza viazi. Kilo nane na nusu. Nimeandika, muuza viazi ametia saini. Hakutaka, lakini ametia.

Kisha pikipiki, mashine mapajani, mteremko wote mpaka ziwani. Dereva alikwenda mbio. Nilimuuliza ana haraka ya nani.

Bashige alifungua, akaona zile nukta nyekundu, akauliza kama mashine imeugua surua. Akasema hakuna ugonjwa, Papa Mutoni, ni wewe. Ati mashine hii ni farasi. Ati nimemfunga diski ya miaka kumi na miwili mguuni, nimempa walinzi watatu wanaogombana, na kila asubuhi anakagua flashi saba za batu wanaotafuta kazi. Ati nimpe saa moja na kile kidiski kidogo, nitamwita Papa.

Wawili wamesema neno moja. Mukankusi jana, Bashige leo. Kidiski kidogo! Watu wasiofahamiana hawawezi kusema neno moja. Nikamuuliza anamfahamu Mukankusi tangu lini. Akasema hajawahi kumwona. Hivyo ndivyo wanavyosema wanaofahamiana sana.

Nilifunga mashine yangu nikapanda nayo. Alama zote zilikuwepo.

Ijumaa, tarehe 27 Septemba

Sikufanya kazi. Nilikuwa nachunga.

Jumamosi, tarehe 28 Septemba

Umuganda. Mtaa wote umetoka asubuhi kufanya kazi ya pamoja, kuzibua mitaro ya barabara ya chini. Mimi nilipewa reki. Mukankusi alipewa karai, na nani alishika upande wa pili wa karai hilo? Maman Nabintu!

Wanabeba matope pamoja. Wanacheka pamoja. Nikasogea, nikivuta majani. Wakasogea. Nikasogea tena. Sikusikia vizuri, nikarudi nyuma kidogo nipate upande wa upepo, nikaingia mtaroni mpaka kiunoni. Mkubwa wa kijiji alinipongeza mbele ya watu wote, ati mwenzetu ameingia mwenyewe bila kuambiwa. Walipiga makofi.

Mukankusi alininyooshea mkono kunitoa. Nilitoka mwenyewe.

Baadaye nilimuuliza Maman Nabintu walikuwa wanaongea nini. Akasema mbegu za maharage. Maharage! Mwezi wa tisa kila mtu ameshapanda!

Joselyne amefua suruali yangu. Kisha akauliza kama mashine itakuwa tayari Jumatatu. Nilimwambia itakuwa tayari kuliko zote. Alisema, Papa Mutoni, mimi nimekuamini. Nilimwongezea chakula kwenye sahani yake.

Lakini nimepata mpango! Mchezo ni nani atawasha haraka. Je, kama mashine haikuzimwa?

Jumapili, tarehe 29 Septemba

Baada ya kanisa nilipita dukani peke yangu. Nikawasha. Nikasubiri zile dakika kumi na moja nikiimba. Ilipowaka nikazima kioo tu, mashine yenyewe nikaiacha inaendelea. Nikaifunika kitambaa ili taa isionekane dirishani. Juu ya kitambaa nikaweka kamera ndogo, itazame mlango. Kamera nayo imechomekwa hapohapo. Fotokopi nimeiacha imewaka pia, iwe na joto.

Kesho Maman Nabintu ataniambia niwashe. Nitabonyeza kioo. Tak! Sekunde moja. Mukankusi abaki na kumi na tano zake.

Nimerudi nyumbani nimekula sahani mbili. Joselyne aliuliza ninacheka nini. Sikumwambia. Kuta zina majirani.

Jumatatu, tarehe 30 Septemba

Mungu wangu.

Nilifika saa kumi na moja na nusu. Giza dukani. Nikabonyeza kioo: kimya. Nikabonyeza fotokopi: kimya. Nikatazama mita ya umeme. Sifuri. Mashine, kamera na fotokopi wameula umeme wote, hawakuacha hata wa taa.

Nilinunua mwingine kwa simu. Wanakutumia tarakimu ishirini, unaziandika kwenye mita moja moja. Mara ya kwanza nikakosea. Mara ya pili nikakosea. Mara ya tatu umeme ukarudi, saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Nikabonyeza mashine. Mlangoni, Maman Nabintu na bamama wanane, mabeseni kichwani, wananisalimia.

Dakika kumi na moja! Nizijaze na nini? Nikasema, bamama, kazi njema huanza na maombi, tufumbe macho. Wakatua mabeseni. Wakafumba.

Niliombea ushirika. Niliombea nyanya. Niliombea sambaza na wavuvi wake, na nyavu zao. Nilifungua jicho moja: vile vidoti vya kusubiri vinazunguka kwenye kioo. Niliombea daraja la mpakani, na walinzi wake, na wajane, na wanafunzi wa darasa la sita. Bamama wakasema amina. Nikaendelea. Wakasema amina tena, kwa nguvu. Niliombea ziwa lote la Kivu, na visiwa vyake kwa majina. Nilifungua jicho: walinzi watatu wanaulizana vitambulisho. Nilipofika kwa mifugo, beseni moja lilianza kuvuja maji ya samaki. Maman Nabintu akasema amina ya mwisho yeye mwenyewe. Akasema, Papa Mutoni, umetubariki sana, lakini nyanya haziendi mbinguni, zinaenda Bukavu.

Wakavuka ujia kwa Mukankusi. Nikasikia printa yake. Nakala sitini na nne.

Mashine yangu iliwaka wakiwa wanatoka kwake.

Sasa sikilizeni ajabu. Maman Nabintu alirudi. Akasema kazi ni ya Mukankusi, lakini Mukankusi mwenyewe amesema ni nyingi kwa mashine moja, na jirani naye ana familia. Amesema mimi nipewe nusu. Basi Alhamisi, saa ileile, atakuja mara ya mwisho. Nikiwasha kabla hajahesabu mpaka sitini, nusu ni yangu.

Nusu! Mukankusi ameniombea nusu! Sijawahi kuogopa hivi maishani. Anatafuta nini kwangu?

Jumanne, tarehe 1 Oktoba

Baba mkwe aliniita Nkungu, ati niende nimsaidie kulima. Nimelima na lile jembe. Ni jembe zuri. Nimelichukia kutoka moyoni. Mzee Rutayisire alikaa kwenye kiti akanitazama, akasema mgongo wangu unafaa.

Nilirudi jioni, malengelenge mikononi. Joselyne alinisubiri dukani. Akaniambia nikae. Akaniambia nibonyeze.

Nikabonyeza. Nikageuka kuchukua kiti. Nilipogeuka tena, imewaka.

Nilidhani naota. Nikazima, nikabonyeza, nikapima. Sekunde kumi na nne! Joselyne alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Alisema asubuhi aliipeleka kwa Bashige yeye mwenyewe, wakaongea kidogo, Bashige akafanya kazi saa moja. Flashi za wateja ziko kwenye kopo la maziwa, kila moja na jina kwenye karatasi. Sikuuliza zaidi. Nilimshika mikono. Nilimwambia cherehani inarudi. Akasema hata kabla ya Krismasi, Papa Mutoni, hata kabla. Tulicheka kama siku ya kwanza tulipoingia nyumba hii. Mtoto wetu Mutoni aliuliza tuna nini.

Nimefurahi. Naandika wazi: leo nimefurahi sana.

Jumatano, tarehe 2 Oktoba

Imekuwaje?

Nimeiwasha mara ishirini na mbili. Mara zote kumi na nne. Hata mara moja haifiki kumi na tano. Kitu cha kweli kinachoka kidogo. Hiki hakichoki.

Joselyne amekwenda kumwona dada yake Bukavu. Nimebaki peke yangu na mashine, na mawazo yakaanza kuja. Dakika kumi na moja hazipotei hivihivi. Mashine inabeba vitu, inakwenda polepole. Mashine haibebi kitu, inakimbia. Hata mtoto anaelewa! Basi kuna kitu kimetolewa.

Nikainyanyua. Ayi! Mkono umejua kabla ya kichwa. Nimekimbia nayo sokoni, kwa muuza viazi. Kilo saba na gramu mia tisa.

Gramu mia sita! Zimeibwa! Muuza viazi alitazama saini yake ya Alhamisi, akatazama mzani, akasema kweli zimepungua. Shahidi! Watu walikusanyika. Mama mmoja alisema hata sukari sasa inapungua hivyohivyo.

Nikafungua mashine hapohapo, kati ya viazi na karoti. Feni, alama ipo. Waya, alama ipo. Diski yenye alama mbili: haipo! Mahali pake kuna nini? Biskuti. Wamemdanganya mke wangu maskini. Amekwenda mwenyewe, mwanamke peke yake, wametoa chuma wametia hewa.

Pikipiki. Cyangugu. Niliingia kwa Bashige bila kubisha hodi, nikamdai gramu zangu mbele ya wateja watatu. Aliweka chini bisibisi yake. Alieleza. Alieleza tena kwa Kifaransa. Mwishowe alieleza kwa Mashi, lugha ya kwao, nadhani hakuwa akinieleza mimi. Akauliza kama nimenunua kompyuta au kilo za mihogo. Nikamwambia vyote vinapimwa.

Akasema, Papa, kesho si ndiyo siku ya Maman Nabintu? Nikamuuliza, umejuaje? Akasema Joselyne alimwambia, ndiyo maana alifanya kazi bila kula. Hapo nikaona mambo yote ni mamoja. Mukankusi, Nabintu, Bashige. Na kesho mashine tupu ilikuwa iwake mara moja, kisha izimike milele, na mimi na nusu yangu tuchekwe Kamembe nzima.

Alirudisha chuma. Alikuwa amechoka, sijui kwa nini. Nikapanda, nikapita mzani: kilo nane na nusu kamili. Haki imetendeka! Nikarudisha walinzi watatu, nikaongeza wa nne. Nikatoa flashi kwenye kopo, nikazifunga kwa uzi.

Joselyne amerudi saa kumi na mbili jioni, ameniletea kitenge cha shati. Sikumwambia. Nataka aone mwenyewe kesho mume wake alivyo macho.

Alhamisi, tarehe 3 Oktoba

Walikuja bamama kumi na wawili leo. Wengine walikuja kutazama tu. Joselyne alivaa nguo ya kanisa. Mukankusi alisimama mlangoni kwake, mikono imefungwa kifuani.

Maman Nabintu akasema, bonyeza. Nikabonyeza. Akaanza kuhesabu.

Kwenye ishirini Joselyne bado alitabasamu. Kwenye thelathini alitazama kioo, kisha nyuma ya mashine, akaona ule uzi. Maman Nabintu alianza kuhesabu polepole. Alivuta kila namba. Hamsini na nane aliisema mara mbili. Alifika sitini. Akamtazama Joselyne, akaanza tena kwenye moja. Hakuna aliyempinga. Bamama wote wakahesabu naye, kwa sauti ya chini, kama watu wanaomsukuma mgonjwa mlima. Sitini ya pili ikaisha. Ya tatu ikaisha. Vidoti vinazunguka.

Joselyne aliniuliza nimefanya nini. Aliuliza polepole sana. Nikamwambia nimerudisha mali yetu. Gramu mia sita, zote.

Hakulia siku ile walipobeba cherehani. Leo alikaa kwenye kile kiti cha wateja akalia mbele ya ushirika mzima, na nguo yake ya kanisa. Sikujua pa kuweka mikono yangu. Nilitaka kumgusa bega, nikaona afadhali nisiguse. Naona aibu hata kuandika.

Bamama wakabeba mabeseni wakateremka mpakani. Mukankusi alivuka ujia na glasi ya maji. Hakunitazama. Akamwambia Joselyne kwamba ile nusu haitaki mashine ya pili peke yake, inataka pia mikono ya pili, na yeye amemwona Joselyne anavyopanga flashi za watu na majina. Ati kama anapenda, aanze kesho. Atalipwa kila Jumamosi.

Joselyne alikunywa maji yote. Akasema anaanza kesho.

Mashine iliwaka baadaye kidogo. Dakika kumi na tatu na nusu. Hakukuwa na mtu.

Ijumaa, tarehe 4 Oktoba

Sikutoka kitandani mpaka saa mbili. Nilimsikia Joselyne akijiandaa, akaimba kidogo, akaondoka na chakula chake kwenye kopo. Nilijiona muntu bure. Nilifikiri, Munyaneza, labda ni wewe. Labda Bashige alisema kweli, labda yule mwanamke anatabasamu tu kwa sababu ana meno. Nililala nikitazama bati, nikaona makosa yangu moja moja yakipita.

Halafu nikaketi. Nikaruka!

Mke wangu yuko ndani! Ndani kabisa, kwa Mukankusi, kwenye kiti chake, mbele ya mashine yake, tangu asubuhi mpaka jioni! Na wamemwita wenyewe! Siku ngapi nimehangaika kwa kofia na fotokopi za uongo, kumbe mlango umefunguliwa. Ndiyo maana aliimba! Ndiyo maana hakuniaga, wasije wakashuku. Na yale machozi ya jana, mbele ya watu wote... Joselyne wangu! Hata mimi nilidanganyika.

Nilifungua papeteri kwa furaha. Nilimpungia mkono kupitia mlangoni. Hakujibu. Anaijua kazi.

Jioni nilimpikia chai mwenyewe, nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikamwambia sasa aseme yote aliyogundua.

Alinitazama akavua viatu. Akasema hakuna alichogundua. Mukankusi anawasha, anafanya kazi, anacheka na wateja, anazima, anakwenda nyumbani. Basi.

Siku moja tu! Tayari wamemnunua.